Mume na mke wanatumwa kwa wavuvi wa Kisale na Upemba: waende na nini, nini kingoje?

KatibuWaMisioni (Katuba, Lubumbashi)

Bwana asifiwe wapendwa. Kanisa letu linatuma mtumishi na mke wake kukaa vijiji vya wavuvi upande wa Kikondja, katikati ya ziwa Kisale na Upemba. Si kampeni ya wiki moja, ni miaka miwili kwa kuanzia. Wana mtoto wa miaka minne. Mama ni fundi wa kushona, Baba ametoka shule ya Biblia, na wote wawili wamekulia mjini. Tunataka waondoke mwezi wa tano, mvua ikiisha.

Kamati imeandika orodha ndefu ya vitu. Inaanza na spika na jenereta. Maji yako mstari wa mwisho. Kwa ninyi mnaoijua ile sehemu: nini kiende nao tangu siku ya kwanza, nini kingoje, na ni wapi mambo huharibika? Tena kuna swali la ubatizo. Kubatiza ziwani, pamoja na habari za kolera na mamba, kunafanywaje?

Infirmye_Lualaba

Katibu, igeuzeni hiyo orodha, mwisho uwe mwanzo. Bukama, Kikondja, Malemba-Nkulu, huo wote ni ukanda ambao kolera haitoki. Inatulia miezi fulani, kisha inarudi. Watu wanateka maji pale pale wanapooshea vyombo na kuegesha mitumbwi. Kwenye vile visiwa vya mafunjo vinavyoelea juu ya Kisale huwezi hata kuchimba choo, chini ya miguu ni majani na maji tu.

Kwa watu watatu wabebe bidoni (madumu) nne za lita 20 zenye mdomo mdogo: mbili za kuteka, mbili za maji ya kunywa, na zisibadilishane kazi. Ndoo moja yenye robine (bomba). Kitambaa kizito cha pamba cha kuchujia. Sirinji mbili za ml 5 bila sindano, na Javel (dawa ya klorini ya majimaji). Nasema sirinji kwa sababu matone hayalingani, kila kichupa kina tone lake. Soma kwanza nguvu ya Javel kwenye chupa. Ikiandikwa 12° (ni karibu 3.6% ya klorini), weka ml 3 kwa bidoni ya lita 20. Ikiwa ni 5%, weka ml 2. Funga, tikisa, ngoja dakika 30. Ukifungua, harufu ya klorini isikike kidogo. Isiposikika, rudia kipimo kile kile na ungoje dakika 15 nyingine.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni tope. Klorini inakula uchafu kwanza, vijidudu baadaye, kwa hiyo maji ya rangi ya chai yatameza dawa yote na bado yakuuguze. Yaacheni yatulie usiku kucha, mimina polepole bila kutikisa kilicho chini, chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa. Cha pili ni Javel iliyokufa. Ile inayomiminwa sokoni kwenye chupa nyeupe na kuanikwa juani haina nguvu tena. Nunueni iliyofungwa, andikeni tarehe juu yake, ikae gizani, na msiitegemee kupita miezi mitatu. Vidonge vya klorini vya mg 67, kimoja kwa lita 20, viwe akiba. Familia ya watu watatu hutumia kama bidoni moja kwa siku kunywa, kupika na kupiga mswaki, basi vidonge 60 ni miezi miwili.

Pakiti za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) zisipungue 20. Zikiisha: lita moja ya maji yaliyotiwa dawa, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Onja kabla ya kunywesha. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, imwage, chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Mtoto wa miaka minne akiharisha apewe pia zinki mg 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Mtu mzima mwenye kolera kali anaweza kupoteza zaidi ya lita moja kwa saa. Naandika hivyo kwa sababu ya desturi ya kukesha kwa maombi juu ya mgonjwa mpaka asubuhi. Ombeni ndani ya mtumbwi, mgonjwa akinywa ORS njiani kuelekea kituo cha afya.

Malaria nitapita haraka: chandarua chenye dawa kwa kila kitanda, vipimo vya haraka 10 vikae penye kivuli, na dawa zitoke kituo cha afya, si kwa wachuuzi. Wasikisie homa.

Sasa mambo ambayo yanamhusu mchungaji mwenyewe. Mazishi kwanza. Mtu akifa kwa kolera, mwili bado unaambukiza. Familia isiuoshe, na wanaougusa wasipike chakula cha matanga. Mtumishi aongee na infirmye (muuguzi) wa kituo pamoja na mfumu (mkuu wa kijiji) *kabla* ugonjwa haujafika, siyo siku ya kilio, siku hiyo hakuna atakayemsikia. Meza ya Bwana wakati wa mlipuko: vikombe vidogo vya kila mtu, vioshwe kwa maji yenye klorini, na anayegawa mkate anawe kwa sabuni mbele ya watu wote.

Ubatizo. Mbali na mamba kuna kichocho, na hicho ndicho kitakachowapata wengi kuliko mamba. Vimelea vyake vinatoka kwenye konokono wa kando ya maji, wengi zaidi jua likiwa kali, karibu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na vinapenya ngozi bila kuhisi. Ibada ndefu kisha watu 30 kusimama majini saa sita mchana ni saa mbaya kuliko zote. Njia nzuri ni shimo: urefu mita 2, upana mita 1.2, kina mita 1, ndani yake bashi (turubai) la plastiki lisilo na tundu. Ukijaza hadi sm 80 ni karibu lita 1,900, yaani bidoni 96. Vijana kumi wanamaliza asubuhi moja. Maji yachujwe kwa kitambaa yakiingia ili konokono wasiingie, yafunikwe, yakae saa 48. Vimelea visivyopata mtu hufa katika muda huo. Dawa ya kichocho ni praziquantel, kwa kawaida mg 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ni vidonge 4 vya mg 600, baada ya kula. Wapimwe kila wanaporudi mjini.

Na maji ya kuoga yafuate sheria hiyo hiyo ya saa 48. Ndiyo maana bidoni haziwi mbili.

MzeeWaUjumbe

Infirmye amemaliza habari ya maji. Naongeza ya karatasi na ya watu.

Wawe na ordre de mission (barua ya kutumwa) yenye mhuri wa jumuiya yenu ndani ya ECC (umoja wa makanisa ya Kiprotestanti ya Kongo), majina ya wote wawili juu yake. Wengi huandika "Pasta fulani na familia", halafu mama akisafiri peke yake na mtoto mgonjwa anazuiliwa kwa maswali. Nakala kumi ndani ya plastiki, maana kila mahali pa kupandia chombo kuna mtu wa kuuliza. Waanze kwa administrateta wa teritware (kiongozi wa serikali wa eneo) kule Bukama, kisha shefu (mkuu wa kimila juu ya vijiji), kisha mfumu wa kijiji, kwa mpangilio huo. Ukiruka mmoja, wa juu yake atakuuliza na wa chini yake atakuogopa.

Ule ukanda si mtupu. Wamisionari Burton na Salter walifika Mwanza ya Katanga (si ile ya Tanzania) mwaka 1915, na kazi ile ilizaa makanisa katika nchi yote ya Waluba. Kuna Wamethodisti, kuna Wakatoliki, kuna makanisa ya juzi juzi. Watumishi wenu wakifika na bendera mpya bila kuwasalimia wachungaji wa pale, miezi sita ya kwanza itaisha kwa kesi za "mmechukua waumini wetu". Wapite kwa kila mmoja wao, waulize ni kambi gani ya wavuvi haina mtu wa kufundisha. Mara nyingi watajibiwa kwa uaminifu, kwa sababu kambi za mbali hakuna anayezigombania.

Wakodi nyumba mwaka wa kwanza. Wasijenge. Lualaba inapojaa inatandaa mbali sana, na uwanja mzuri wa mwezi wa nane unaweza kuwa ziwa mwezi wa tatu. Wakae mvua moja nzima, waone mstari wa maji kwenye kuta na miti, waulize wamama wazee maji ya mwaka mkubwa yalifika wapi.

Saa za ibada: mvuvi anatega nyavu jioni na kuzitoa alfajiri. Asubuhi ni kupara samaki, kuanika, kubanika, kuuza. Maombi ya saa kumi na mbili asubuhi yatakuwa ya mtumishi na mkewe. Saa tisa hadi saa kumi alasiri watu wako kambini na hawajaondoka tena. Tena kambi zinahama maji yakibadilika, kwa hiyo mafundisho yawe mafupi, kila moja lisimame peke yake, na kila kambi iwe na mtu wake wa kuyarudia. Mpango wa masomo 24 yanayofuatana utavunjika somo la nne. Kiluba wajifunze tangu wiki ya kwanza. Kiswahili kitawatosha sokoni, kwenye kilio hakitoshi.

Upande wenu wa kamati, andikeni ukurasa mmoja na mtie sahihi pande zote mbili: kiasi cha kila mwezi, tarehe, kinapitia njia gani, nani anaamua kumleta mgonjwa Lubumbashi bila kungoja kikao, na lini watarudi kupumzika kwa mara ya kwanza. Mimi ningeweka baada ya miezi sita. Nauli ya kurudi ya watu watatu ikae mkononi mwa mama, na isiguswe hata kwa ujenzi wa kanisa. Hela ya simu inafika pale palipo na neti, lakini ajenti wa bandari ndogo hana pesa taslimu siku isiyo ya soko, basi watoe siku ya soko. Dola yenye mchaniko au maandishi hakuna atakayeipokea. Wabebe faranga ndogo ndogo.

KatibuWaMisioni

Asante sana, Mzee na Infirmye. Kuhusu umeme: kuna ndugu anatupa jenereta ya bure. Wengine wanasema sola. Matumizi ni taa tatu, simu mbili, kompyuta ndogo ya Baba, na spika ya ibada.

FundiSola_Ruashi

Jenereta ya bure inakula petroli ambayo si ya bure, na petroli ya kule imebebwa kwa maji. Muiache mjini au muiuze, mnunue sola.

Hesabu. Taa 3 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 75. Simu mbili, 20. Kompyuta wati 50 kwa saa 3, 150. Spika wati 30 kwa saa 3, 90. Jumla 335 kwa siku. Paneli ya wati 100 kwenye jua la kiangazi hutoa kama 340 baada ya hasara za njiani, maana yake iko sawa kwenye karatasi tu. Wakati wa mvua itashuka hata chini ya nusu. Nunueni paneli mbili za wati 100, regilateri (kidhibiti cha chaji) ya ampea 20, na batri ya volti 12, Ah 100, ya sola, siyo ya gari. Batri ya risasi usiitumie kupita nusu yake, kwa hiyo zile wati-saa 1,200 zilizoandikwa ni 600 za kutumia, siku moja na robo tatu bila jua. Batri ya gari ikishushwa hivyo kila usiku itakufa ndani ya miezi michache.

Kufunga: batri kwa regilateri kwanza, paneli mwisho. Kufungua ni kinyume, paneli kwanza. Ukianza na paneli, regilateri za bei rahisi hushindwa kusoma volti na nyingine huungua. Waya kutoka juu ya nyumba hadi ndani usipite mita 10 na uwe wa mm² 6. Waya mwembamba unapoteza umeme na mtu anailaumu batri. Fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na chanya ya batri. Taa na simu zichukue volti 12 moja kwa moja; konvertisa (kigeuza umeme wa batri kuwa wa nyumbani) iwashwe kwa kompyuta tu, ikiachwa wazi inakula hata bila kazi. Kama batri ni ya kuongeza maji, ni maji yaliyosafishwa ya batri, kamwe si ya ziwa.

Kinachoua sola za wamisionari si mvua wala radi. Ni simu za kijiji. Simu 15 kwa siku ni wati-saa 150 zilizotoka bila kuhesabiwa, na huwezi kumkatalia jirani. Basi wekeni paneli ya tatu ndogo, wati 50, na betri yake, iwe ya simu za watu peke yake. Ikizimika, imezimika, nyumba inabaki na taa.

Nahodha_wa_Balenyeri

Njia: lami hadi Likasi, kama kilomita 120. Ukishaacha lami ya Kolwezi, njia ya Lubudi na Luena hadi Bukama ni vumbi kiangazi na matope wakati wa mvua. Treni pia inapita Bukama na mizigo mizito ni heri ipande treni, ila msiahidi mtu siku ya kufika. Bukama mnashuka na mto.

Vitu vyote visivyopenda maji viingie pipa za plastiki za lita 60 zenye kifuniko cha pete, siyo magunia. Pipa lililofungwa vizuri linaelea. Koti za kuokolea maisha tatu, ya mtoto iwe na kamba ya kupita katikati ya miguu. Bila hiyo anatoka kwa chini. Safari ni asubuhi. Mchana upepo unapanda kwenye ziwa lililo wazi na mtumbwi uliojaa hauwezi mawimbi. Usiku hapana, kwa sababu ya viboko.

Kwa heshima, naona watu wengi watawashauri mkodi tu. Kwa maoni yangu wanunuliwe mota ya mtumbwi, nguvu za farasi 15, mapema. Anayekodi anafuata biashara ya mwenye chombo, na huyo haendi kambi yenye watu arobaini. Mchanganyiko wa mota nyingi za mapigo mawili ni 1 kwa 50: ml 400 za oili kwa lita 20 za petroli, lakini someni kitabu cha mota yenyewe. Vipuri vya kutembea navyo: plagi mbili, pini tano za propela (kama mota yenu ni ya pini), kamba ya kuwashia, ufunguo wa plagi. Pini inakatika kwenye mizizi ya mafunjo, na imetengenezwa ikatike ili gia ipone. Ukiweka msumari badala yake, siku nyingine ni gia itakayovunjika. Petroli ya bidoni iache itulie saa moja, usimimine kidole cha mwisho, humo ndimo mna maji.

MzeeWaUjumbe

Nahodha, sipingi mota. Napinga mota ya mwaka wa kwanza. Mtu wa mjini akifika na mota yake, kabla hajajulikana, atakuwa dereva wa wagonjwa, wa maiti na wa wakubwa, na petroli itakula posho yote. Ijulikane kwanza kambi ni ngapi, na kanisa la kule lichange nusu ya petroli.

MamaPasta_Kamalondo

Wanaume mmemaliza mota, sasa jikoni.

Unga wa bukari (ugali): watu wazima wawili na mtoto ni karibu kilo 35 kwa mwezi. Msiwapakie unga wa miezi minne, unyevu wa kule unauharibu. Wabebe wa mwezi mmoja, halafu wanunue mahindi au mihogo na kusaga kidogo kidogo. Samaki wapo tele, sombe (kisamvu) ipo. Vinavyokosekana ni maharagwe, mafuta, sukari, chumvi na sabuni: kwa mwezi kilo 8, lita 3, kilo 3, kilo 1, na miche 6. Sabuni ongezeni mara mbili, itagawiwa.

Mashine ya mama iwe ya kukanyaga au ya mkono, siyo ya umeme. Sindano namba 90 na 100, kumi kumi, mkanda wa akiba, oili nusu lita. Kila jioni apanguse chuma kwa kitambaa chenye oili, bila hivyo kutu inaanza ndani ya wiki. Mashine hiyo ndiyo itakayowaleta wamama kuliko ibada ya kwanza, basi ipande safari ya kwanza pamoja na bidoni. Lakini bei iwe wazi tangu siku ya kwanza. Akishona bure mwezi mmoja, mwezi wa pili kulipisha kutakuwa ugomvi. Na hela ya mashine iwe yake, kamati isiipunguze kwenye posho.

Jambo lingine, Katibu: mwandikieni mama kazi yake. Barua nyingi za kutuma zinaorodhesha kazi za Baba mistari kumi, Mama "atamsaidia". Matokeo yake anapika kwa wageni kutoka asubuhi hadi usiku na hakuna anayejua amechoka na nini. Wachague siku moja ya juma mlango umefungwa, wamwambie mfumu, atangaze yeye. Na Baba asimtembelee mama mjane au binti peke yake kambini. Waende wawili, au mama aende na mzee wa kike.

Mtoto akamilishiwe chanjo kabla ya kuondoka na kadi ipigwe picha. Mama akiwa mjamzito, asogee karibu na hospitali kubwa wiki nne kabla ya tarehe, asingoje uchungu umkute upande wa pili wa ziwa.

KatibuWaMisioni

Nimeshaandika upya. Maji, vyandarua, karatasi, mashine ya kushona, sola. Mota imeahirishwa mpaka ripoti ya mwaka wa kwanza. Imebaki spika. Ndugu wa kwaya wanataka ile kubwa ya mjini.

FundiSola_Ruashi

Ile kubwa hapana. Kambi ya watu arobaini inahitaji kaspika kadogo kenye mahali pa kadi, kanakochajiwa kwa USB, mbili au tatu za kuachia viongozi wa kambi. Agano Jipya la kusikiliza, kama saa 20, likihifadhiwa kwa kilobiti 64 linachukua karibu MB 580, kwa hiyo kadi ya GB 4 inabeba Kiluba, Kiswahili na nyimbo za kwaya yenu na nafasi inabaki. Faili ziitwe kwa namba, 001, 002, siyo kwa majina, la sivyo kaspika kataruka kutoka Matendo hadi Ufunuo. Nakala ya kadi ibaki kwako Katuba. Ya kule ikilowa, unatuma nyingine ndani ya bahasha na chombo cha kwanza kinachoshuka kutoka Bukama.